Muhogo katika Sanduku la Mawe

Jiwe halinuki. Lianike mwaka mzima, linyeshewe, likojolewe na punda, halitanuka kama chakula kilicholala. Ndiyo maana Daktari Kholood Mahfoudh, mjiolojia wa kambi ya uchorongaji iliyo nyuma ya mikoko ya Mbegani, alipofunua moja ya masanduku yake ya mawe na kujikuta ameziba pua, alijua ameibiwa.

Kesho yake asubuhi Inspekta Mikdad aliinama kando ya Daktari. Hakuinama sana, kwa sababu tumbo lake halikupenda safari za upande huo.

"Hiki ni nini?" Daktari aliuliza, akielekeza kalamu.

"Muhogo."

"Asante. Nilitaka nisikie mtu wa serikali akitamka."

Sanduku lilikuwa refu, la mbao, lenye mifereji. Ndani ya mifereji vililala vijiti vya mwamba, vinene kama mkono wa mtoto, vilivyochomolewa na bomba kutoka chini ya ardhi na kupangwa kwa zamu: cha juu mwanzo, cha chini mwisho. Vibarua wa kambi waliviita mihogo tangu siku ya kwanza. Basi mwizi alipochukua chake, naye hakuumiza kichwa. Aliziba pengo kwa muhogo wenyewe, akaupaka tope la kijivu, akaenda zake. Tope likakauka, likabanduka, muhogo ukaanza kuoza.

"Kaiba tabaka gani?" Mikdad aliuliza.

"La udongo wa mfinyanzi. Hilo tu. Mchanga wa juu yake kauacha, changarawe ya chini yake kaiacha."

"Lina dhahabu?"

"Halina."

"Vito?"

"Inspekta, ni tope."

"Tope la bei?"

"Tope la kale." Daktari alijifuta mikono kwenye suruali. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara wa Bagamoyo waliotoka Omani zamani, watu wa vitambaa na karafuu, na mpaka leo nyumbani hawajaelewa kwa nini binti yao anapima udongo asioweza kuuza. "Tazama kule," alisema, akionyesha magharibi ambako hakukuonekana kitu ila minazi. "Kule mbali ndiyo Uluguru. Mlima unaliwa na mvua. Kinacholiwa kule kinaletwa na mto kutapikwa huku. Mto ukiwa na nguvu unaleta changarawe. Ukichoka, unaleta mchanga. Ukilala kabisa, unaleta tope laini, hili. Bonde lote unaloliona, kutoka milimani hadi baharini, ni sufuria iliyojazwa namna hiyo, tabaka juu ya tabaka, kabla ya Waarabu wa kwetu na kabla ya Wazigua wa kwenu."

"Na mfinyanzi ndio nini humo?"

"Kifuniko. Kama chini kuna gesi, kinachoizuia isitoroke ni hicho. Ukipika pilau bila kifuniko utapata nini?"

"Lawama," alisema Mikdad, ambaye ameoa muda mrefu.

"Wiki hii wataalamu wanakuja kukiona kifuniko changu. Niwaonyeshe futari?"

"Hakikubaki hata kipande?"

"Kimebaki. Anacho huyu bibi." Daktari alimwangalia Koplo Nunu kama anavyoangaliwa mtu aliyekalia kiti chako.

Koplo Nunu alisimama mlangoni mwa banda la masanduku, amekumbatia mfuko wa nailoni uliofungwa kwa utepe. Alikuwa askari hodari, mwenye binamu katika kila kichochoro cha Mbegani, na dosari yake ilikuwa moja tu: jambo ukimwambia asubuhi, adhuhuri linakurudia kutoka Saadani likiwa limenenepa.

"Kielelezo," alisema Nunu. "Kimeokotwa nyuma ya kibanda cha mlinzi. Hakitoki mpaka kesi iishe."

"Kesi itaisha lini?"

"Ile ya punda bado inaendelea, na punda mwenyewe tumeshamzika."

Mlinzi aliitwa Ausi. Nunu alimkamata jana, akiwa na makombo ya udongo wa kijivu mfukoni. Wakili wa kampuni alikwisha piga simu kutoka Dar es Salaam akitaka shitaka zito: kampuni pinzani imemtuma mtu kuhujumu utafiti. Kesho asubuhi Ausi alikuwa anapelekwa mahakamani. Mikdad alikuwa na siku hii ya leo kuujua ukweli, na jua lilikwisha panda.

Aliuchukua mfuko, akautazama dhidi ya mwanga. Kipande kilikuwa kifupi kama kidole gumba, na upande mmoja kilikuwa na alama.

"Kimeumwa," alisema.

"Panya," Nunu akajibu haraka.

"Panya mwenye mwanya?"

Wote watatu walitazama. Kweli. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamezama sawasawa, na kati yake udongo ulisimama kama ukuta mdogo.

Daktari Kholood alikohoa. "Kabla hamjafika mbali… mimi huwa nauma."

Inspekta na koplo walimgeukia kwa pamoja.

"Ni njia ya kazi," alisema, masikio yakimwiva. "Mfinyanzi safi ni laini kwenye meno. Ukiwa na chembe za mchanga, unakwaruza. Wajiolojia wote wanafanya hivyo. Na tunalamba pia."

"Mnalamba," Nunu alirudia polepole, kama anayeweka akiba.

"Koplo," alisema Mikdad, "tafuta sabuni."

Ililetwa sabuni ya mche kutoka bafuni kwa vibarua. Daktari Kholood Mahfoudh, msomi wa vyuo viwili, aliuma sabuni mbele ya dola. Mikdad aliipima alama kwa jicho. Meno ya Daktari yalikuwa yamepangana kama matofali ya mkandarasi mwaminifu. Mwanya haukuwepo.

"Si wewe," alisema.

"Ningeweza kukwambia hivyo," Daktari alisema, akitema povu.

Mikdad alitoka nje akasimama kivulini. Alikuwa mtu wa kupanga mambo moja moja. Kampuni pinzani ikimtuma mtu, mtu huyo atabeba sanduku zima. Hataacha changarawe na mchanga. Wala hataziba pengo kwa muhogo. Anayeziba kwa muhogo ni mtu ambaye nyumbani kwake muhogo upo, ambaye hakutaka kumwudhi Daktari, na ambaye hajui kuiba. Huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Tabu ni kwamba maelezo yote hayo yalimfaa Ausi.

---

Ausi aliletwa chumba cha mahojiano kituoni, kijana mwembamba, kanzu yake imekunjamana kwa kulalia sakafu.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, afande."

"Udongo ulichukua wewe?"

"Ndiyo."

Mikdad aliweka kalamu chini. Hakuzoea kazi kuwa nyepesi. "Uliupeleka wapi?"

"Niliziba paa."

"Paa la nini?"

"La kibanda changu cha ulinzi. Makuti yanavuja."

"Ausi, natoka huko sasa hivi. Kibanda chako ni cha bati."

Ausi alifikiri. "Nilifinyanga jiko."

"Liko wapi?"

"Limevunjika."

"Vipande vyake?"

"Navyo vimevunjika."

"Cheka."

"Sina cha kuchekea, afande."

"Nataka kuona meno."

Ausi alikenua. Meno ya mbele yalibanana kama abiria wa Idi. Lililokosekana lilikuwa gego moja, upande wa kushoto. Mikdad alishusha pumzi.

"Sikiliza, mwanangu. Kesho hakimu atakuuliza swali hilihili. Ukimwambia jiko, atakufunga. Ukimwambia paa, atakufunga kwa hasira. Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mkeo anajua?"

Hapo uso wa Ausi ulibadilika. "Nifunge, afande. Hata miaka. Lakini nyumbani kwangu usiende." Kisha, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesema sana, akaongeza: "Nilimuuzia Osama. Yule dalali wa viwanja, Mapinga."

Nunu, aliyekuwa akiandika, aliinuka na kiti chake. "Nilijua! Yule mtu siku zile alikuwa anazungukazunguka uzio wa kambi!"

Mikdad alimtazama Ausi. Ausi aliitazama meza. Ulikuwa uwongo, tena mbichi. Lakini uwongo wenye jina na mahali lazima ufuatwe, ndiyo kazi ilivyo.

---

Ofisi ya Osama ilikuwa kontena jekundu kando ya barabara ya Bagamoyo, na mbele yake bango kubwa lenye picha ya nyumba ya Ulaya na mtoto wa Kizungu. Ndani, juu ya meza, kwenye kitambaa cha mahameli, kililala kijiti cha mwamba cha kijivu.

"Afande, ndicho hicho!" Nunu alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Karibuni, viongozi wangu!" Osama alisimama, miwani juu ya kichwa. "Kiwanja cha familia au cha uwekezaji?"

"Hili jiwe," alisema Mikdad.

"Aa, hiyo ni sampuli, mkuu. Mteja akiona jiwe la kitaalamu namna hii anatulia moyo. Anajua kiwanja kimepimwa."

"Kimepimwa nini?"

"Kimepimwa, mkuu. Mteja hajawahi kuuliza zaidi."

Mikdad alitoa funguo, akakwangua kijiti mpaka unga ukatoka. Kisha akatoka nje kwa muuza mishikaki, akaomba kipande cha ndimu. Hilo alifundishwa na Daktari kabla hajaondoka kambini: mfinyanzi ule ukitiwa kitu kikali hausemi kitu, lakini jiwe la chokaa linatoa povu. Akarudi, akaikamua juu ya unga.

Unga ukachemka, vipovu vidogovidogo.

Osama aliruka nyuma akagonga bati. "Audhubillahi! Lina nini hilo?"

"Chokaa. Hili ni tumbawe la pwani, ndugu yangu, si tope la Uluguru. Umelitoa wapi?"

"Kwa fundi wa kisima, pale jirani. Alikuwa anayatupa! Haki ya Mungu, mkuu, mimi kosa langu ni mahameli tu."

"Na Ausi, mlinzi wa Mbegani?"

"Ausi? Hajaniuzia hata mchanga. Nilienda kule kwenye uzio kutafuta wateja, wale wataalamu wana hela. Nikampa lifti siku moja tu. Kabeba mfuko wa ukwaju na maembe machanga, machachu hayo, yanatia ganzi meno kwa kuyatazama. Nikamwambia, mwanangu, unafungua kiwanda cha achari? Njia nzima kaushika ule mfuko kama kabeba mayai."

Mikdad alirudisha funguo mfukoni. Alikuwa na watoto wengi, na kila mmoja alitanguliwa nyumbani na mfuko kama huo. Aligeuka kumtazama Nunu kama amesikia. Bahati njema, Nunu alikuwa nje na kijana wa Osama, anaonyeshwa ramani.

"Afande!" aliita. "Hiki cha pembeni kinaona bahari!"

"Kutoka wapi?"

Nunu alimuuliza kijana, akarudi na jibu. "Ukishajenga ghorofa ya pili."

"Twende, Koplo."

---

Walipofika Mbegani, Mikdad alisimamisha gari mbali kidogo. Alimtuma Nunu kwenye soko la samaki akaulize kama kuna mtu amemwona mgeni wa kampuni pinzani, na amuulize kila muuza samaki, asiruke hata mmoja. Nunu alifurahi. Kazi ya kuongea na watu wote wa soko hajawahi kupewa kirasmi.

Nyumba ya Ausi ilikuwa ya udongo, safi, ua umefagiwa. Kizingitini alikaa Bi Sikuzani, shangazi wa mke wa Ausi, mwanamke mkavu mwenye kisu mkononi, na mbele yake rundo la mihogo iliyomenywa.

"Hodi."

"Ukisema hodi ukiwa umeshafika, wapewa jibu gani? Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kupekua, anza na mihogo."

Mikdad alikaa kwenye kigoda ambacho hakikumtosha. Kutoka ndani alitoka Najma, mke wa Ausi, amejifunga kanga mbili na juu yake baibui pana lililoweza kumfunika na jirani yake. Aliweka kikombe cha kahawa, akainua uso kusalimu, akajilazimisha kutabasamu. Mwanya ulikuwa pale, mzuri, wa kuimbiwa nyimbo.

Wakati huohuo jirani alitia dagaa kwenye mafuta. Harufu ikaruka ua. Najma aliziba pua kwa kanga, akageuka, akatoweka ndani, na nyuma ya nyumba ikasikika sauti ya mtu anayejitahidi asisikike.

Bi Sikuzani alimenya kwa kasi. "Ana mafua."

"Mafua mabaya hayo," alisema Mikdad. Alikunywa kahawa. "Mama, na mimi kwangu tumepata wageni wengi. Wale wanaokuja bila mizigo."

Kisu kilisimama. Bi Sikuzani alitazama uzio wa makuti kulia, akatazama wa kushoto, kisha akaegemea mbele. "Punguza sauti. Jirani huyu ana masikio yanayosikia mpaka mtu akiwaza."

"Nimepunguza."

"Mara ya kwanza tulifurahi, tukapika, tukatangaza. Mgeni akageuzia njiani. Mara ya pili tukatangaza kidogo, kwa ndugu tu. Akageuzia njiani. Jicho la watu si kitu cha kuchezea, baba. Safari hii hata kuku wa hapa hawajui. Kaapa Ausi, kaapa yeye, nimeapa mimi. Anajua muuguzi wa kliniki, na yule kazi yake ni kunyamaza."

"Na udongo?"

"Wa sokoni anautapika. Unanuka moshi, anasema. Siku hiyo alimpelekea mumewe chakula kambini. Yule binti wa mawe alikuwa ananyunyizia maji masanduku yake apate kuona rangi. Ikapanda harufu ya mvua ya kwanza. Basi. Hakulala. Nikamwambia mtoto huyu, jikaze. Akaja hapa, akanitazama macho ya paka. Ausi kaona hivyo, kesho yake kaja na kipande kidogo. Kesho kutwa, tena."

"Ni mtamu, afande," ilisema sauti ya Najma kutoka ndani, dhaifu, lakini yenye uhakika. "Wa sokoni ni kama kula ukuta."

"Na kile kilichookotwa nyuma ya kibanda?"

"Nilikuwa naanza kukila. Nikasikia gari la Daktari, nikakitupa." Sauti yake ilijaa majonzi. "Mpaka leo nakikumbuka."

"Muuguzi anasemaje juu ya kula udongo?"

"Anakataza."

"Basi msikilize muuguzi. Uliobaki nirudishie."

Kutoka ndani ikasikika, wazi kabisa, sauti ya mtu akimeza.

"Umekwisha," alisema Najma.

Mikdad alifumba macho kidogo. Katika kazi yake aliwahi kuona ushahidi ukichomwa, ukizamishwa na kuhongwa. Kutafunwa akiwa ameukalia mlangoni, hii ilikuwa ya kwanza.

Najma alitokea mlangoni. Alikuwa amefuta mdomo. "Kesho nitakwenda mahakamani. Nitasema mimi ndiye niliyekula, na sababu nitaisema. Hawezi kufungwa kwa ajili yangu."

"Hutasema!" Bi Sikuzani alisimama, mihogo ikabiringika. "Mbele ya watu wote wale? Karani, askari, wachuuzi wa nje? Ukitamka hapo, jioni hiyo pwani nzima inakuhesabia miezi!"

"Basi na yeye afungwe?"

"Afungwe mtu mzima, atarudi!"

Najma alianza kulia bila sauti, ili jirani asisikie. Mikdad aliinuka, kigoda kikamfuata, akakibandua.

"Mama, okota mihogo yako. Binti, kaa kivulini. Mahakamani haendi mtu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha pata njia. Njia yenyewe aliipata baadaye, garini, wakati Nunu akimweleza kwamba hakuna muuza samaki aliyeona mgeni, ila mmoja ameachwa na mumewe na mwingine kanunua friji.

---

Jua lilikuwa linaelekea kupoa Daktari Kholood alipofika kituoni kwa wito wa Mikdad. Wakakaa chumba cha mbele, ambako askari wa zamu walikuwa wakijifanya wana kazi.

"Daktari, nikueleze sheria," alisema Mikdad. "Kesi ikiendelea, hiki kipande ni kielelezo. Kitakaa kabatini mpaka hukumu, halafu rufaa."

"Wageni wangu wanakuja wiki hii!"

"Ukiyafuta malalamiko, si kielelezo tena. Ni mali yako. Kinakutosha?"

"Kwa darubini? Punje ya choroko ingenitosha. Chavua, unga wa maua ya miti ya wakati ule, zimo humo ndani, hizo ndizo zitakazosema umri wa tabaka. Natia saini wapi?"

"Na wakili wa kampuni?"

"Wakili hajui hata kulamba jiwe."

Akatia saini. Nunu aliutoa mfuko kwa shingo upande, kama anayeozesha binti kwa mtu asiyemjua. Daktari hakungoja. Alikata utepe, akachukua bilauri ya maji ya Nunu iliyokuwa mezani, akakitumbukiza kipande ndani na kuanza kukoroga kwa kalamu.

"Afande!" Nunu alipiga kelele. "Ule mwanya!"

Lakini mwanya ulikwisha kwenda. Udongo ulilainika, ukameguka, ukageuka wingu la kijivu, kisha ukaanza kushuka taratibu hadi chini ya bilauri, chembe nzito kwanza, laini juu yake.

"Tazama," alisema Daktari kwa mapenzi. "Ndivyo bonde lilivyojazwa."

"Ilikuwa bilauri yangu," alisema Nunu.

"Sasa niambieni," Daktari aliinua macho. "Nimesamehe, lakini nina haki ya kujua. Tabaka langu limekwenda wapi?"

Askari wote wa zamu waliacha kujifanya wana kazi.

"Mwenyewe ataeleza," alisema Mikdad, akaenda kumtoa Ausi.

Kwenye korido, kwenye giza la kati ya milango miwili, alimshika bega. "Nimekwenda kwako."

Ausi alishika ukuta.

"Sikuona kitu," alisema Mikdad. "Nimekunywa kahawa nikaondoka. Lakini udongo umeliwa, Ausi, na pale nje kuna watu wanaotaka kumjua mlaji. Wasipopewa jina leo, kesho watamtafuta. Nunu ataanza na mtaa wenu."

Ausi alijinyoosha, akakung'uta kanzu, akaingia chumba cha mbele kama bwana harusi.

"Niliula mimi," alisema.

"Uliula?" Daktari aliuliza.

"Niliula. Naupenda udongo. Toka utotoni."

Kicheko kilichopasuka humo kiliamsha mahabusu wa nyuma. Askari mmoja alilalia meza. Mwingine aliuliza kama anaula na mchuzi au mkavu. Nunu peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso.

"Wote ule? Mwanamume mzima?" alisema. "Siamini. Aonyeshe."

"Haki kabisa," alisema Daktari, naye akafungua mkoba wake wa kazi. Alitoa kipande kingine, cha rangi ya hudhurungi, kutoka shimo la upande wa Lugoba, ambacho alikuwa nacho cha ziada. Macho yake yaliwaka. "Tafuna huu. Taratibu. Halafu niambie kuna nini."

Ausi alikipokea kwa mikono miwili. Alisema bismillahi kwa dhati kuliko ilivyozoeleka, akakitia kinywani, akauma.

Mikdad aliona koo lake likikataa. Aliona macho yakijaa machozi, na jasho likitoka juu ya mdomo. Ausi alitafuna. Kile chumba kizima kilisikia mlio. Alimeza, akasimama kidogo mpaka kilipokubali kubaki huko chini, akatabasamu kwa meno ya hudhurungi.

"Mtamu," alisema.

"Laini?" Daktari aliuliza.

"Mwanzoni laini. Mwishoni unakwaruza."

"Ndiyo! Tabaka lile linaishia kwenye mchanga!" Daktari alipiga meza, bilauri ikaruka. "Huyu mtu si mwongo. Mlinzi mbaya, lakini si mwongo. Kesho rudi kazini, Ausi. Utalinda geti. Masanduku yangu usiyasogelee kabla hujala chakula cha nyumbani."

Nunu alikunjua uso polepole. Alitazama saa ya ukutani, akachukua kofia, akasema anatoka mara moja kununua vocha.

Mikdad alimsindikiza Ausi hadi kizingiti cha kituo, akampa chupa ya maji. Ausi alisukutua, akatema, akasukutua tena.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini, "kweli kuna mtu anatamani kitu hiki? Kwa hiari yake?"

"Usiniulize mimi. Na nyumbani usiulize. Mpelekee wa sokoni, uuoshe moshi, kisha umsihi amsikilize muuguzi."

"Watanicheka Mbegani mpaka nizeeke."

"Watakucheka."

Ausi alifikiri, akitazama barabara. Hakuonekana mwenye huzuni. Alifunga chupa, akaaga kwa adabu, akaanza kutembea.

Hakufika hata kwenye mti wa kona. Waendesha bodaboda waliokuwa wamepumzika pale, ambao Nunu alikuwa amewapita muda huohuo akienda dukani, waliinuka wote kwa pamoja.

"Weee! Mla udongo!"

Ausi aliinua mkono juu, kama mtu aliyeitwa kwa cheo.

"Naam!" alijibu. "Ndiye mimi!"

Akaongeza mwendo kuelekea nyumbani.